Foleni ya Drolm

Usiku wa kuamkia jana Namkunda Mbwambo aliota, na hilo lenyewe ni habari ya kutangaza, maana Namkunda si mtu wa kuota. Akilala amelala. Wenzake huamka na visa vya kuruka angani na kukimbizwa na nyoka. Yeye huamka akauliza nani ameacha banda la kuku wazi. Kwa hiyo ndoto ilipomjia haikujua ianzie wapi, ikaanzia jikoni.

Anaosha kikombe. Kikombe kinamwambia, "Unaitwa."

"Na nani?"

"Sijui. Mimi ni kikombe."

Namkunda hakushangaa, kwa sababu ndotoni mtu hashangai mapema. Alikifuta, akakiweka kichanjani, akajifuta mikono kwa kanga, akatega sikio. Kutoka chumba cha nyuma anakolala kaka yake ilisikika sauti nzito ikisema neno moja.

"Drolm."

Hapa inabidi nisimame nikueleze neno hili, la sivyo tutaachana njiani. Kaka yake Namkunda anaitwa Elinaza, mpima ardhi mstaafu, mtu wa maneno mengi na mizaha isiyokwisha, ambaye mvua za vuli zilipoanza alipigwa na kiharusi akiwa ameinama kufunga viatu. Alipozinduka, maneno yote yalikuwa yamemtoka. Kiswahili kilikwenda, Kipare kilikwenda, hata Kiingereza cha kazini alichokuwa akiringia nacho. Likabaki hilo moja, drolm, nalo si la Kiswahili wala la Kipare wala la lugha yoyote inayofundishwa shuleni. Ni la Kivelmi. Na Kivelmi duniani kote kinajulikana na watu wawili, na wa pili ni Namkunda.

Walikibuni wenyewe utotoni, huko huko Usangi. Baba yao alikuwa mfagizi wa nyumba ya misheni, na ndani ya nyumba ile Wajerumani walioondoka zamani walikuwa wameacha kitabu cha nyimbo chenye picha. Watoto hawakujua hata neno moja la Kijerumani, ila walipendezwa na jinsi herufi zake zinavyosongamana kama watu kwenye mlango wa kanisa. Wakatengeneza maneno yao ya kufanana nayo. Wakatengeneza na nchi, wakaiita Velmi, wakaiwekea mfalme na majira ya baridi. Ila kubuni maneno ni kazi kuliko watu wanavyodhani, na haukupita muda wakaishiwa. Hapo ndipo neno drolm lilipoanza kubebeshwa mizigo. Likawa mkate. Likawa mlango, na majira ya baridi, na kurudi nyumbani. Likawa pia kile kitu unachokikuta mfukoni na hukumbuki ulikiweka lini. Maana nyingine Namkunda amekwisha kuzisahau, maana haya ni mambo ya zamani sana.

Tangu kiharusi, ukoo mzima ulikuwa umepita kitandani kutafsiri. Mjomba Mcharo, ambaye ana ugomvi wa mpaka na jirani yake, alisikia waziwazi kwamba Elinaza anazungumzia mpaka. Shangazi Nakijwa alisikia jina la mwanamke. Mchungaji alisikia toba. Lakini aliyewazidi wote kwa usumbufu alikuwa Namkunda mwenyewe, kwa kuwa alijua neno lina maana nyingi na akaitaka ile yenyewe. "Kaka, ipi? Mkate? Mlango? Nionyeshe basi hata kwa jicho." Elinaza humtazama, machozi yakamlenga, akageukia ukutani.

Kila siku alizidi kukonda. Daktari aliyekuja kumwona alisema mwili hauna ubaya mkubwa, ila mgonjwa amekata tamaa, na mgonjwa wa namna hiyo hakai. Namkunda hakuwa na mtu mwingine. Mume alikwisha kufariki, watoto wako mbali na maisha yao, na wao wawili walikuwa wamezeeka pamoja katika nyumba ya baba yao wakigombana kuhusu redio. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, kaka yake asiondoke.

Sasa turudi jikoni.

Namkunda akafungua mlango ili apite uani kwenda chumbani kwa mgonjwa. Ua haupo. Mahali pake imetanda theluji, nyeupe, hadi macho yanapoishia, na milima ya Usangi imesimama nyuma yake ikiwa imepakwa chokaa. Anakanyaga. Theluji ina uvuguvugu, na inanukia unga wa muhogo. Akaelewa mara moja. Waliobuni nchi hii hawakuwahi kuona theluji; kitu cheupe na kingi walichowahi kukiona ni unga wa muhogo siku ya kusaga, basi ndio waliounyesha.

Likapita gari lisilo na magurudumu, linavutwa na mbuzi. Ndani amekaa mfalme wa Velmi, amevaa joho la mchungaji na kofia ya baba yao ya kufagilia.

"Shikamoo," mfalme akasema.

"Marahaba," Namkunda akaitikia, maana yeye ndiye aliyembuni, na adabu ni adabu. Mfalme akaenda zake.

Mpakani palikuwa na ng'ombe wa chuma, mweusi, moto unawaka tumboni mwake. Katika kile kitabu cha misheni kulikuwa na picha ya jiko la kupashia nyumba joto, lenye miguu minne, na wao walikuwa wamebishana siku nzima hadi wakakubaliana ni ng'ombe. Basi ndiye huyo, na alikuwa ameajiriwa.

"Una chochote cha kutangaza?" ng'ombe akauliza, moshi ukimtoka puani.

"Sina."

"Maneno?"

"Ninalo moja."

"Lipi?"

"Drolm."

Ng'ombe akaacha kucheua. Alimtazama Namkunda kwa muda, kama karani anayetazama mtu aliyeleta kesi iliyokwisha kuwachosha wote ofisini.

"Hilo lina foleni," akasema. "Pita upande ule. Na usiulize ulize."

Hilo la mwisho Namkunda alilisikia, ila hakulitia akilini.

Foleni ilikuwa mbele ya nyumba ndefu yenye dirisha moja. Kwenye dirisha lilining'inia pazia la chumba cha Elinaza, lile la maua ya njano, na nyuma ya pazia alionekana Elinaza mwenyewe amelala kitandani, ameelekea ukutani. Namkunda akaenda kugonga kioo. Kioo hakikutoa sauti. Akaita, na sauti yake ikaanguka ungani bila kufika kokote.

Wa kwanza katika foleni ulikuwa mkate. Ulikuwa na urefu wa mtu mzima, umevaa koti la kazi la Elinaza, na unga ulikuwa umeufika magotini. Nyuma yake ulisimama mlango usio na ukuta. Nyuma ya mlango alisimama bibi mweupe pepepe, pumzi yake ya moto kama mvuke wa sufuria, na huyo ndiye majira ya baridi. Kisha ilifuata njia nyembamba iliyosimama wima, na mawe yake na majani yake ya pembeni, ikijaribu isianguke. Kisha kitu kidogo ambacho kila ukikitazama unasahau kwamba umekitazama. Na wengine nyuma yao, wengi, mpaka mwisho haukuonekana. Hakuna aliyetikisika. Unga ulikuwa unaendelea kuwamwagikia mabegani taratibu, na ilikuwa wazi kwamba wamesimama pale tangu siku ile ya viatu.

Mkate ukafumbua mdomo. "Drolm," ukasema, kwa sauti ya Elinaza, ile ya sasa, yenye ulimi mzito.

Namkunda akausogelea. "Unamaanisha nini?" akauliza.

Mkate ukazama hadi kiunoni.

"Samahani. Nauliza tu, unamaanisha nini? Wewe si mkate? Au kuna jambo jingine?"

Mkate ukazama hadi kifuani. Haukulalamika. Ulimtazama tu, vile vile Elinaza anavyomtazama, kisha ukayatoa macho yake kwake na kuyapeleka pembeni. Namkunda alijisikia vibaya mno, ila hakujua kosa lake ni lipi.

Hapo hapo foleni ikawa iko kwenye korido ya hospitali. Hakuna aliyehama, korido ndiyo iliyokuja. Unga sasa unamwagika kutoka kwenye feni ya dari. Ukutani yamepangwa mabenchi, na mabenchi ni ndugu. La kwanza lilikuwa na masharubu ya mjomba Mcharo.

"Huyo anasema mpaka," benchi likasema, likiuonyesha mkate kwa mguu. "Mpaka wa shamba la juu. Mimi nilisema tangu mwanzo."

Mkate ukazama hadi shingoni.

"Jina la mwanamke," likasema benchi la Shangazi Nakijwa, lililotandikwa kitambaa cha kufuma. "Anamwita. Mnajifanya hamjui, lakini mimi namjua mpaka na kwao."

Mlango ukazama hadi kwenye kitasa.

"Mjomba, shangazi, nawaomba mnyamaze," Namkunda akasema.

"Sisi ni mabenchi," mjomba Mcharo akasema.

"Basi mabenchi, nawaomba mnyamaze."

Mabenchi yakanuna. Namkunda alikuwa amechoka na alitamani kukaa, ila hangeweza kumkalia mjomba wake, akabaki amesimama. Akatazama foleni. Nusu yao walikuwa wamebaki vichwa tu. Kupitia dirishani alimwona Elinaza, na shuka lake lilikuwa limefunikwa na unga hadi kidevuni.

Akaogopa sasa, woga wa kweli. Alielewa kwamba wakizama hawa, na yule kitandani anazama.

"Wewe," mlango ukamwambia, kwa sauti ya bawaba kavu. "Huoni kwamba kila mkiuliza tunazama?"

"Naona."

"Sasa unauliza nini?"

"Nataka kujua anachotaka kaka yangu."

"Utajua baadaye. Kwanza, mtu akikusalimu, huwa unamuuliza amemaanisha nini?"

"Hapana. Naitikia."

"Haya," mlango ukasema, ukajifungua wenyewe.

Namkunda akapita. Upande wa pili si hospitali wala si Velmi. Ni chumba chao cha utotoni, mwaka wa surua. Mama yao amening'iniza blanketi dirishani kwa sababu mwanga huumiza macho ya wenye surua, na giza ni la kukatika kwa kisu. Kitandani wamelala watoto watatu. Namkunda anajiona mwenyewe, mdogo, uso umejaa vipele. Anamwona Elinaza. Na katikati yao anamwona Naelijwa, kitinda mimba, ambaye meno ya mbele yalikuwa hayajamalizika kuota.

"Drolm," anasema Elinaza gizani.

"Drolm," anaitikia Namkunda mdogo.

"Dolomu," anaitikia Naelijwa, maana ulimi wake haukuweza zaidi ya hapo.

Hakuna anayemuuliza mwenzake amemaanisha mkate au mlango. Linakwenda, linarudi. Ndivyo walivyokuwa wakijuana kwamba wote bado wapo. Na walikuwa wamewekeana sheria, sheria pekee ya Kivelmi isiyokuwa na mjadala: neno halijasemwa mpaka mwenzako akurudishie. Usiporudishiwa, hujasema kitu. Umebaki nalo mdomoni na ni lazima ulirudie.

Namkunda alikuwa ameisahau. Alizikumbuka maana nyingi, akaisahau sheria yenyewe, na kumbe tangu vuli kaka yake alikuwa amebaki na neno mdomoni huku watu wazima na akili zao wanamzunguka kulichambua.

"Drolm," Elinaza anasema tena gizani.

"Drolm," Namkunda mdogo anaitikia.

Katikati yao kimya.

"Drolm," Elinaza anarudia. Anarudia tena. Anaendelea kurudia mpaka blanketi la dirishani linaanza kupenywa na mwanga wa asubuhi, na mama anaingia, na mama anaweka mkono kwenye mkono wa Naelijwa na kuuondoa haraka kwa jinsi ulivyokuwa wa baridi. Siku ile ile, wakiwa uani, Elinaza alimwambia Namkunda kwamba neno limepata maana nyingine, ya mwisho, na hawataongeza tena. Hakuitaja. Hawakuwahi kuitaja.

Namkunda alilia pale, mwanamke mzima mwenye wajukuu, amesimama mlangoni mwa chumba ambacho kilibomolewa zamani. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akageuka, akatoka.

Foleni iko palepale. Akaenda mbele ya mkate, uliokuwa umebakiza macho tu juu ya unga.

"Drolm," macho yakasema.

"Drolm," Namkunda akaitikia.

Mkate ukapanda. Ulipanda wote, ukakung'uta koti, ukampa mkono, ukaingia ndani ya ile nyumba ndefu bila kusema zaidi. Kule dirishani, kidole cha Elinaza kikacheza juu ya shuka.

Ee Mungu wangu, jinsi alivyofurahi! Akaukimbilia mlango, akauitikia, ukaingia ubavu ubavu kwa kuwa ulikuwa mpana. Akamwitikia bibi wa majira. Akaiitikia ile njia, nayo ikajilaza chini kwa kushusha pumzi na kuteleza ndani. Kile kitu kidogo alikiitikia bila uhakika kama kipo. Zikaja na zile maana alizozisahau: birika la kazini kwa Elinaza, kicheko cha mtu aliye chumba cha pili, mbwa aliyezaliwa kipofu, kiatu cha kushoto. Kila mmoja akisema, yeye anarudisha. Dirishani Elinaza amegeuka kutoka ukutani. Dirishani ameinua kichwa. Mabenchi yenyewe yaliacha kununa, na la Shangazi Nakijwa likaanza kupiga vigelegele, kwa miguu, maana mdomo lilikuwa limekatazwa.

Foleni ikapungua, ikapungua, akabaki mmoja.

Huyu alikuwa mtu. Amevaa suti nadhifu, kofia ameishika mkononi kwa heshima, na viatu vyake havina unga. Namkunda akatazama alikotokea. Hapakuwa na nyayo. Unga uliokuwa ukimwagika juu ya kila kitu ulimkwepa huyu, ukaanguka pembeni yake. Na alipomkaribia alisikia ubaridi. Katika nchi nzima ile hapakuwa na kingine chenye baridi, theluji ilikuwa vuguvugu na majira yenyewe yalikuwa na pumzi ya moto, kwa sababu watoto wale hawakuijua baridi ya Ulaya. Baridi ya huyu waliijua. Waliigusa kitandani mwao.

"Drolm," mgeni akasema, kwa upole kabisa. Hii haikuwa sauti ya Elinaza.

Namkunda alifunga mdomo kwa mkono.

"Ni zamu yake," ng'ombe wa chuma akasema nyuma yake. Hakumsikia alipofika.

"Nikimwitikia, itakuwaje?"

"Ataingia kama wenzake."

"Na kaka yangu?"

Ng'ombe akacheua moto kidogo. "Huyu akiingia, kaka yako anatoka naye. Ndiyo maana yake, mliiweka wenyewe."

"Nisipomwitikia?"

"Sheria ni sheria. Ukimruka mmoja, wote walioingia wanarudi foleni. Na safari hii watazama."

Namkunda akatazama dirishani. Elinaza ameketi. Ameketi mwenyewe, amejiegemeza kwenye mto, na anatazama nje kumtafuta yeye. Akamtazama na mgeni, aliyesimama bila haraka wala chuki, anasubiri neno lake lirudishwe, maana naye ana haki kama wengine. Amwitikie, amkose kaka. Asimwitikie, amkose kaka. Hakuwa na akili nyingine ya kutumia isipokuwa ile anayoitumia kila siku mtu asiyetarajiwa anaposimama mlangoni kwake, basi akaitumia hiyo hiyo.

"Karibu kiti kwanza," akasema.

Mgeni akashtuka. Ni wazi hakuwahi kuambiwa hivyo popote.

"Mimi huwa sikai," akasema.

"Kwetu Usangi mgeni haelezi shida yake amesimama. Utaniaibisha."

Mgeni akamtazama ng'ombe. Ng'ombe akatazama juu. Katika sheria za Kivelmi hakukuwa na kipengele kuhusu jambo hilo, kwa kuwa watoto waliozitunga walikuwa wameyaacha mengine yote yabaki kama yalivyo nyumbani. Namkunda akavuta kigoda, kikaja, na ghafla wote wamo jikoni kwake, jikoni mwenye moshi na kichanja na vikombe. Mgeni akakaa karibu na mlango, kofia magotini.

"Drolm," akakumbusha, kwa adabu.

"Nimekusikia. Nitakujibu. Lakini huwezi kujibiwa ukiwa na njaa, baba. Kula kwanza."

"Unapika nini?"

"Makande."

"Yanachukua muda?"

"Si sana," Namkunda akasema.

Namkunda ni mpishi anayejulikana hadi Ugweno, na makande yake yamelisha harusi na misiba. Sasa mtazame. Anachagua mahindi yasiyokobolewa. Anayaacha maharage mapya, anainama chini ya kichanja na kuchota yale ya zamani, yaliyokaa kwenye gunia hadi yakawa kokoto, na hayaloweki. Anatia chumvi mwanzoni kabisa, jambo ambalo angempiga mkwe wake kwalo. Kuni anachukua mbichi. Akabandika sufuria kubwa kuliko zote, akapuliza moto kwa uvivu, ukashika upande mmoja tu.

Kikombe kilimtazama kutoka kichanjani. "Hayo hayataiva," kikasema.

"Nyamaza, wewe ni kikombe."

Mgeni aliketi ametulia. Ubaridi wake ulitambaa sakafuni ukafika kwenye vidole vya miguu ya Namkunda, ukapanda hadi vifundoni, akavumilia akaendelea kukoroga.

"Yameiva?" mgeni akauliza.

Namkunda akachota harage moja kwa mwiko, akalibonyeza, likaruka.

"Bado."

"Mimi sina haraka," mgeni akasema. "Kusubiri ndiyo kazi yangu. Ila nikishakula, utanijibu?"

"Ukishakula nitakujibu," Namkunda akasema, na alisema kweli, maana mgeni hadanganywi. Akaongeza maji.

Akaamka.

Alikuwa amekaa mkekani kando ya kitanda cha Elinaza, shingo inamuuma. Jua limekwisha kutoka. Elinaza alikuwa macho, anamtazama kwa ule mtazamo wake wa siku zote, wa mtu aliyekwisha kukata tamaa kabla hajaanza.

"Drolm," akasema.

Namkunda hakuuliza kitu. Alimshika mkono ule usiofanya kazi. "Drolm," akaitikia.

Elinaza akakodoa macho. Akasema tena, haraka, kana kwamba anaogopa amesikia vibaya, na akarudishiwa tena. Akalirusha la tatu, likarudi. Hapo uso wake ukafunguka. Alicheka kwa upande mmoja, upande wenye uhai, machozi yakamtiririka pande zote mbili, na Namkunda naye akacheka na kulia, wakawa wanarushiana neno lile na kupokezana mpaka kuku wakaja mlangoni kutazama.

Baadaye Elinaza akatulia, akauhangaisha ulimi wake, akausukuma kama mtu anayesogeza kabati peke yake.

"Na-mkunda," akasema.

Jina lake zima. Alikuwa hajalisikia tangu vuli. Akainama akaliweka paji lake la uso juu ya mkono wa kaka yake, akakaa hivyo.

"Makande," Elinaza akasema juu ya kichwa chake, polepole, silabi kwa silabi. "Ya-me-iva?"

Namkunda hakuwa amepika makande. Jioni walikunywa uji, wote wawili, na ndani ya nyumba ile hamna mtu wa tatu. Aliinuka, akaenda jikoni akiwa anatembea taratibu kuliko kawaida.

Sufuria kubwa ilikuwa juu ya mafiga. Chini yake kuni mbichi zilikuwa zikifuka, moto umeshika upande mmoja. Akafunua. Mahindi yana maganda yake, maharage ni ya lile gunia la chini, na maji yalikuwa yamekaribia kukauka. Kigoda kilikuwa karibu na mlango, kimeelekezwa kwenye sufuria, na hakukuwa na mtu juu yake. Namkunda akanyoosha mkono, akakigusa. Kilikuwa cha baridi, na baridi ile aliijua.

Akachota harage, akalibonyeza. Likaruka. Basi akachukua mtungi, akajaza sufuria maji hadi juu, akafunika, akavuta ukuni mmoja nje ya moto.

"Yameiva?" Elinaza akaita tena kutoka chumbani.

"Bado!" Namkunda akajibu, kwa sauti kubwa kuliko aliyoihitaji kaka yake.